Je, wajua kwa nini radoni, gesi ya mionzi, hutoka ardhini na kuingia ndani ya nyumba?

Anayeifahamu Dodoma anayajua mawe yake: majabali ya graniti yaliyochomoza kama Mlima Simba, mengine yakiwa katikati ya makazi. Mwamba huo una umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na graniti kwa kawaida huwa na urani, madini yenye mionzi, kidogo ndani yake. Maji huiyeyusha polepole na kuishusha mabondeni. Ndiyo maana watafiti wa madini waliikuta urani Bahi na Manyoni, kwenye mabonde ambayo maji hutuama kisha hukauka.

Urani yenyewe si gesi, hukaa jiweni au udongoni. Lakini huvunjika taratibu mno, nusu yake huisha kwa miaka bilioni 4.5, na katika kuvunjika huko mwishowe huzaa rediamu, elementi nyingine yenye mionzi, nayo rediamu huzaa radoni. Hapo mambo hubadilika, kwa sababu radoni ni gesi. Haina rangi wala harufu, haishikamani na kitu, hivyo hupenya katikati ya chembe za udongo na kwenye nyufa za mwamba.

Nje, upepo huitawanya. Ndani ni habari nyingine. Usiku hewa ya chumbani ikiwa na joto kuliko ya nje hupanda na kutokea juu, na nyumba huvuta hewa nyingine kutoka chini, kupitia sakafu ya udongo, ufa wa zege au pembeni mwa mabomba. Juni na Julai, baridi ya Dodoma inapobana na madirisha yakafungwa mapema, gesi hujikusanya. Watu wangeharakisha kuilaumu tembe ya Kigogo na sakafu yake ya udongo. Mimi ningeitazama pia nyumba mpya yenye madirisha ya aluminiamu yasiyopitisha hata vumbi.

Nusu ya radoni huisha kwa siku 3.8 tu, kwa hiyo nyingi ya ile ya kina kirefu huisha kabla ya kufika juu, isipokuwa ikipata ufa. Basi majirani wawili wanaweza kupishana sana kwa kiasi cha gesi ndani ya nyumba zao.

Kinachodhuru zaidi ni watoto wa radoni, yaani elementi zinazozaliwa radoni inapovunjika, hasa poloniamu, wanaonata kwenye vumbi na kubaki mapafuni. Mionzi yao ya alfa huzuiwa hata na karatasi, lakini mapafu hayana kinga hiyo. Shirika la Afya Duniani husema radoni ni miongoni mwa visababishi vikuu vya saratani ya mapafu, na kwa mvutaji sigara hatari ni takriban mara 25 ya asiyevuta. Kiwango linachopendekeza kisizidi bekereli 100 (bekereli ni kipimo cha mionzi) kwa mita moja ya ujazo, na pasipowezekana, 300.

Kuijua ni kupima: kifaa kidogo cha plastiki, kisichohitaji umeme, huachwa chumbani kwa miezi kadhaa. Usalama wa mionzi nchini husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Aliyekwisha kujenga azibe nyufa za sakafu na aache hewa ipite, hata usiku wa baridi. Anayejenga sasa atandike nailoni nzito isiyotoboka kabla ya kumwaga zege, kwa kuwa baadaye kazi hiyo itamlazimu kuvunja sakafu.