"Iwe fundisho kwa wengine": adhabu inatolewa ili iweje?

Tumezoea kuita yote "hukumu", lakini mahakamani mambo ni mawili. Kwanza hakimu anaamua kama mshtakiwa ametenda kosa. Akishamtia hatiani, linabaki la pili: apewe adhabu gani? Hapo pande zote mbili hupewa nafasi ya kusema.

Mwendesha mashtaka husimama: "Tunaomba adhabu kali iwe fundisho kwa wengine." Aliyetiwa hatiani naye: "Naomba nipunguziwe. Ni kosa langu la kwanza na nina watoto wananitegemea." Maneno haya yamezoeleka mpaka yanapita sikioni bila kusikika, ila kila upande unavutia lengo lake.

"Fundisho" maana yake ni kutia hofu: huyu afungwe ili mwingine aogope. Hoja hii ina hatari yake. Ukiifuata mpaka mwisho, mwizi wa simu atapewa miaka 20 kwa sababu tu wizi wa simu umezidi, yaani abebeshwe na mizigo ya wezi ambao hata hawajakamatwa. Tena ukali peke yake hautishi sana. Mtaliano Cesare Beccaria aliandika mwaka 1764 kwamba uhakika wa kuadhibiwa huzuia uhalifu kuliko ukali wa adhabu, na tafiti za siku hizi kwa sehemu kubwa zinamuunga mkono. Mwizi hapigi hesabu ya miaka. Anageuza shingo kuona kama kuna anayemtazama.

Breki ya hofu hiyo ni stahili: adhabu ilingane na uzito wa kosa na dhamira ya aliyelitenda. Wengi huichanganya na kisasi, kumbe kisasi kipimo chake ni hasira ya aliyeumizwa, na hasira haina mpaka.

"Kosa langu la kwanza" inagusa urekebishaji. Anayesema hivyo anadai kuwa bado anarekebishika, na pengine kifungo cha nje au kazi za jamii zitamfaa kuliko gereza atakalotoka amejifunza mengine. Sugu wa makosa ya ukatili hana hoja hiyo. Yeye hutengwa ili watu wawe salama. Fidia nayo humtazama aliyeibiwa, ambaye kifungo cha mwizi hakimrudishii simu yake.

Wale watoto je? Hawaingii kwenye lengo lolote kati ya hayo. Hawakuiba, lakini baba akifungwa na wao wanaadhibiwa, na hakimu akiwafikiria, anachofanya kinaitwa huruma.