Taa ya baiskeli, askari, na dereva anayekuja nyuma

Kuna taa ya baiskeli yenye ukali wa kumfumbisha macho mtu aliye mwisho wa mtaa, na bado sheria ya Uingereza inaweza kuihesabu kuwa haipo. Kuna pia kitaa cha kufunga kwa mpira, kinachowaka na kuzima kama kimulimuli, na sheria hiyohiyo inakipokea bila maswali. Ugomvi mwingi kati ya waendesha baiskeli na polisi huanzia hapo. Mmoja anaonyesha mwanga, mwingine anasoma kanuni, na kila mmoja ana hakika kuwa mwenzake hajui anachosema.

Ninafundisha usalama barabarani, na sijapata darasa ambalo swali la taa za baiskeli halikuulizwa. Kwetu bado linaonekana swali dogo. Ukitaja trafiki na tochi kwa pamoja, watu hufikiria mwendokasi. Lakini wenzetu wamegombana juu ya jambo hili kwa zaidi ya miaka 100, na ugomvi wao unatuhusu, kwa sababu sheria za barabarani za Tanzania na Kenya zimechota mengi kwenye kisima cha sheria ya Kiingereza.

Mwaka 1888 Bunge la Uingereza lilitamka kwamba baiskeli ni chombo cha barabarani kama mkokoteni wa farasi, na likaidai taa kuanzia saa moja baada ya jua kuchwa hadi saa moja kabla ya kuchomoza. Taa ya mbele haikuwa na mgogoro mkubwa, maana mwendeshaji mwenyewe aliihitaji asitumbukie shimoni. Moto uliwaka kuhusu taa ya nyuma. Chama cha waendesha baiskeli cha CTC, kilichoanzishwa mwaka 1878, kiliipinga kwa miongo mingi. Hoja yao haikuwa uchoyo wa kununua taa. Walisema: anayekuja nyuma ndiye mwenye wajibu wa kuendesha kwa kasi itakayomwezesha kusimama ndani ya umbali anaouona. Ukimlazimisha aliye mbele ajitangaze kwa taa, umemtua dereva mzigo wake na kumtwika mwenye baiskeli. Kesho akigongwa, wa kwanza kuulizwa ni yeye: taa yako ilikuwa wapi?

Sheria ya 1927 ilitafuta suluhu kwa kumwachia mtu achague taa au kiakisi chekundu, yaani kile kipande kinachorudisha mwanga wa gari. Kisha ikaja vita, miji ikazimwa taa kwa hofu ya ndege za Wajerumani, na taa ya nyuma ikawa lazima. Mwaka 1945 Bunge liliigeuza amri hiyo ya vita kuwa sheria ya kudumu. Wapinzani walishindwa, lakini mimi nawapa haki yao kwa jambo moja: utabiri wao ulitimia. Hadi leo kesi ya ajali ya usiku huanza kwa kukagua baiskeli.

Kanuni zinazotumika Uingereza sasa ni za mwaka 1989. Usiku, yaani tangu jua kuchwa hadi kuchomoza, baiskeli iwe na taa nyeupe mbele, taa nyekundu na kiakisi chekundu nyuma, na kama imetengenezwa baada ya tarehe 1 Oktoba 1985, viakisi vya rangi ya chungwa kwenye pedali. Mchana hudaiwi kitu. Ukishuka na kuisukuma kando ya barabara, hudaiwi kitu pia. Tochi ya kuvaa kichwani haihesabiki hata ikiwa kali namna gani, kwa kuwa haikufungwa kwenye baiskeli.

Kichekesho kiko kwenye taa za kuwaka na kuzima. Zilikuwa haramu hadi mwaka 2005. Ziliporuhusiwa, zilipewa masharti mepesi: zimweke mara 60 hadi 240 kwa dakika, na ukali wake usipungue kandela 4. Lakini taa inayowaka mfululizo inadaiwa alama ya kiwango cha ubora cha Uingereza, BS 6102/3, au kiwango kinacholingana nacho cha nchi nyingine ya Ulaya. Kiwango hicho kiliandikwa enzi za balbu. Taa nyingi za LED zilizo madukani hazina alama hiyo, ingawa zinaishinda balbu ya zamani mara nyingi. Ndiyo maana nikasema kimulimuli ni halali, na taa kali ina walakini.

Je, askari wa Uingereza anamsimamisha mtu aone kama taa yake ina alama ya BS? Kwa kawaida hapana. Anamsimamisha asiye na taa kabisa. Upungufu wa alama au wa kiakisi cha pedali huibuka baada ya ajali, wakili wa upande wa pili anapotafuta pa kupunguzia fidia. Kwa hiyo yule anayebishana na askari barabarani kuhusu kandela ana bahati kwamba anabishana na askari.

Sheria zenyewe hazikubaliani. Chukua mtu aliyepanda kivuko Harwich, Uingereza, usiku, kitaa chake kikimweka kihalali. Akishuka Hoek van Holland, Uholanzi, kumweka ni kosa, ila anaruhusiwa kufunga taa kifuani na mgongoni badala ya kwenye baiskeli. Akivuka mpaka kuingia Ujerumani, taa ya mgongoni haitoshi tena. Huko taa lazima iwe ya baiskeli yenyewe, iwe na muhuri wa kibali wenye herufi K, na isimweke. Hadi mwaka 2013 Wajerumani waliidai baiskeli ya kawaida iwe na dinamo, huku baiskeli nyepesi za mashindano, zisizozidi kilo 11, zikisamehewa. Mtu mwenye taa ya betri iliyo bora kuliko dinamo ya jirani yake ndiye aliyekuwa na kosa. Aliyekuwa anaisukuma dinamo kwa miguu ile milima yote, taa ikififia kila anapopunguza mwendo, alikuwa raia mwema.

Hayo ni magomvi ya vifaa, na vifaa hurekebishika. Ugomvi mzito ni ule ambao taa ni kisingizio tu. Sheria ya jimbo la Florida, Marekani, inataka taa nyeupe ya mbele ionekane kutoka futi 500, kama mita 150, na nyekundu ya nyuma kutoka futi 600. Ni sheria nzuri kabisa. Mwaka 2015 gazeti la Tampa Bay Times lilipekua kumbukumbu za polisi wa jiji la Tampa na kukuta kwamba ndani ya miaka mitatu waliandika makosa 2,504 ya baiskeli, na katika kila watu 10 walioandikiwa, 8 walikuwa Weusi. Weusi ni kama robo tu ya wakazi wa jiji lile. Makosa yalikuwa ya aina hii: huna taa, umempakia rafiki kwenye usukani. Polisi walijitetea kwamba kuwasimamisha watu namna hiyo kunapunguza uhalifu kwenye mitaa korofi. Wizara ya Sheria ya Marekani ilipochunguza, ripoti yake ya mwaka 2016 haikusema chanzo ni ubaguzi, lakini ilisema kamatakamata ile haikuleta faida kwa usalama wa baiskeli, wala kwa wizi wa baiskeli, wala kwa uhalifu kwa jumla. Iliwaelemea Weusi na kuongeza uhasama kati ya polisi na wananchi.

Inayonisikitisha zaidi ni kwamba dawa ilikuwamo ndani ya sheria yenyewe. Florida inamruhusu askari atoe onyo la mdomo na kijitabu cha usalama. Hata akiandika kosa, mahakama inalifuta ikiwa ni mara ya kwanza na mtu ameleta uthibitisho kwamba amenunua taa na kuifunga. Miji ya vyuo ya Uingereza kama Cambridge na Oxford imewahi kufuata njia hiyo: leta risiti ya taa, faini ifutwe. Kwa maoni yangu hakuna njia iliyo bora kuliko hii. Fedha ambayo ingekwenda serikalini inakwenda dukani na kurudi barabarani ikiwa taa, na askari na raia wanaachana bila kinyongo.

Maana taa ya baiskeli haikuwekwa kwa ajili ya askari. Iliwekwa kwa ajili ya jicho la dereva, na jicho hilo lina tabia zake. Mwongozo wa barabarani wa Uingereza unaonyesha kwamba gari lililo katika kilomita 48 kwa saa huhitaji mita 23 kusimama. Likiwa katika kilomita 96 huhitaji mita 73, na hapo taa zilizoinamishwa huwa zimeishiwa nguvu. Kiakisi nacho hakina mwanga wake. Kinarudisha ule uliokipiga, tena kuuelekeza ulikotoka, kwa hiyo kikipinda kutazama chini, kipo lakini hakifanyi kazi.

Watafiti wa Queensland, Australia, walichapisha mwaka 2012 jaribio ambalo madereva waliendesha usiku huku wakitakiwa kumtambua mwendesha baiskeli. Aliyevaa nguo nyeusi alitambuliwa kwa asilimia 2 tu ya nafasi zote. Kizibao cha rangi kali kilifikia asilimia 15, kwa kuwa rangi zile hung'aa kwa mwanga wa jua na usiku hazina kazi. Kizibao chenye vipande vya kuakisi kilifika 50. Vipande hivyo vilipoongezwa magotini na kwenye vifundo vya miguu, kiwango kilipanda hadi 90. Taa ya baiskeli peke yake, iwake mfululizo au imweke, haikuongeza kutambuliwa. Nukta ya mwanga gizani yaweza kuwa chochote, lakini miguu inayopanda na kushuka ni mtu. Nadhani hapo ndipo vile viakisi vya pedali vinavyochekwa vinapata heshima yake. Sisemi mtu aache taa. Nasema asijidanganye kwamba akiwasha taa ya kumridhisha askari, amekwisha kuonekana.

Kwetu giza lina haraka. London jua huchwa kabla ya saa 10 jioni mwezi Desemba na baada ya saa 3 usiku mwezi Juni, na mwanga hukawia kuondoka. Dar es Salaam jua huchwa kati ya saa 12 na saa 1 kasoro mwaka mzima, na baada ya kama dakika 20 magharibi imekwisha, wakati watu ndio wanatoka kazini. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2009, unaitaka baiskeli iwe na breki, kengele, kiakisi chekundu nyuma, na uwezo wa kuonyesha mwanga mweupe au wa njano mbele na mwekundu nyuma. Anayetengeneza baiskeli aanzie hapo, popote alipo Afrika Mashariki.

Ukisimamishwa, simama. Muulize askari kwa upole ni kifaa gani kimekosekana, uandike. Kama taa imezimika njiani, shuka na kuisukuma baiskeli mbele yake, aone kwamba hukukusudia kuendelea gizani. Mabishano yaliyobaki yana mahali pake, na mahali hapo si ukingoni mwa lami usiku.

Halafu angalia mzigo wako. Baiskeli nyingi ninazozikagua zina kiakisi safi kabisa kwenye madigadi ya nyuma, na juu yake gunia la mkaa au kreti za soda zimekifunika chote. Mwenyewe huapa kwamba anacho, na ni kweli anacho. Kifungue, ukifunge kwa mpira wa tairi la ndani kwenye mwisho wa mzigo, pale taa za gari zitakapogota kwanza.