Beauvais: kanisa kuu lililobaki nusu

Mji wa Beauvais uko kaskazini mwa Paris, nchini Ufaransa. Kanisa lake kuu la Mtakatifu Petro huonekana kutoka mbali, lakini umbo lake linashangaza. Linapanda juu kwa ghafla, kisha linakatika. Jengo lilikusudiwa kuwa na umbo la msalaba: upande wa altare upo, na mikono miwili ya msalaba ipo, ila ule ukumbi mrefu ambao ungechukua waumini haukujengwa hadi leo. Mahali pake pamebaki kipande cha kanisa dogo la karne ya 10, lenye kuta za vijiwe vidogo. Kipande hicho kilikuwa kibomolewe kupisha ujenzi, kikanusurika kwa sababu fedha zilikwisha.

Tunaoshughulika na majengo ya kale huulizwa mara nyingi kwa nini makanisa ya Kigothi, yaani yale marefu ya Ulaya ya Zama za Kati yenye matao yaliyochongoka, hayaanguki. Mimi huwapeleka watu Beauvais, kwa sababu lenyewe liliwahi kuanguka, tena mara mbili.

Jiwe hustahimili sana kugandamizwa, ila likivutwa hupasuka upesi. Waashi wa zamani walilijua hilo kwa mikono, bila vitabu vya uhandisi. Tao la mawe nalo halielemei chini peke yake. Linasukuma nje pia, kama ngazi iliyoegemezwa ukutani ambayo miguu yake inataka kuteleza. Tao la nusu duara husukuma kwa nguvu sana, ndiyo maana makanisa yaliyotangulia yalikuwa na kuta nene na madirisha madogo. Tao lililochongoka hupunguza msukumo huo, na mzigo mwingi zaidi hushuka moja kwa moja kwenye nguzo. Huko Saint-Denis, nje kidogo ya Paris ya wakati huo, Abate Suger, mkuu wa monasteri ya hapo, alizindua upande wa altare wa kanisa lake mwaka 1144 ukiwa na matao ya namna hiyo na madirisha makubwa ya vioo vya rangi, na mtindo ukasambaa. Aliyeingia Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu jijini Dar es Salaam, lililojengwa na Wajerumani kati ya 1897 na 1902, ameyaona matao ya umbo hilo hilo, yaliyofika huku zaidi ya miaka 700 baadaye.

Msukumo uliobaki ulihitaji pa kwenda. Waashi wakajenga matao mengine nje ya jengo, yanayoruka juu ya paa za njia za pembeni na kuishia kwenye nguzo nzito zilizosimama mbali na ukuta. Ukuta ulipopumzishwa, ukageuzwa dirisha. Hapo ndipo mashindano yalipoanza. Dari ya Notre-Dame ya Paris iko juu kiasi cha mita 33, ya Chartres 37, ya Amiens 42. Beauvais, iliyoanza kujengwa mwaka 1225 chini ya Askofu Milon de Nanteuil, ikafika mita 48. Hakuna kanisa jingine la Kigothi lenye dari ya mawe ndefu kuliko hiyo.

Upande wa altare ulikamilika mwaka 1272. Tarehe 29 Novemba 1284 sehemu ya dari ikaporomoka.

Simulizi inayopendwa husema walijenga juu mno wakaadhibiwa kwa kiburi chao. Sikubaliani nayo. Kama urefu wenyewe ndio ungekuwa kosa, dari ingeanguka mapema, siyo baada ya miaka 12. Katika miaka ya 1970 mhandisi Robert Mark wa Chuo Kikuu cha Princeton alitengeneza mfano wa plastiki wa jengo hilo, akaupitishia mwanga maalumu unaoonyesha mkazo umekusanyika wapi. Alihitimisha kwamba upepo ulikuwa ukizivuta nguzo za kati za nje na kufungua nyufa ndogo, na chokaa ikadhoofika mwaka hadi mwaka. Wapo wanaoulaumu zaidi mpangilio wa nguzo, na mjadala haujafungwa.

Dawa waliyotumia mafundi bado inaonekana kwa macho. Nguzo za awali zilikuwa zimeachana mno, basi katikati ya kila mbili wakaingiza nyingine mpya. Ukisimama karibu na altare, tazama matao ya chini: ni membamba na yamechongoka kupita kawaida, kwa sababu kila tao pana liligawanywa kuwa mawili.

Vita na ukata vilisimamisha kazi kwa muda mrefu. Mwaka 1500 Martin Chambiges alianza mikono ya msalaba, iliyokamilika 1548. Hapo palihitajika busara ya kujenga ukumbi wa waumini, ambao ungeziegemeza nguzo za katikati kwa upande wa magharibi. Badala yake wakapandisha mnara juu ya nguzo hizo. Ulipokamilika mwaka 1569 ulikuwa na mita 153, mrefu kuliko jengo lolote duniani wakati huo. Nguzo zikaanza kuinama kuelekea magharibi, upande uliokuwa mtupu. Mafundi waliokuja kukagua walitoa onyo, lakini utekelezaji ukachelewa. Tarehe 30 Aprili 1573, Sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, waumini wakiwa wameshatoka nje kwa maandamano, mnara ukaanguka. Fedha zilizokuwepo zilikwenda kwenye matengenezo, na upande wa magharibi ukazibwa kwa ukuta.

Kuna jambo la karibu zaidi ambalo wageni wengi hawalijui. Kati ya nguzo za nje zilikuwepo nondo za chuma zilizozifunga pamoja. Katika miaka ya 1960 ziliondolewa kwa kuonekana zinaharibu sura ya jengo. Upepo ulipovuma, nguzo zikaanza kuyumba, ikabidi vyuma virudishwe haraka. Baadaye, miaka ya 1990, mkono wa kaskazini uliwekewa viunzi vikubwa vya mbao na chuma ndani ya kanisa. Mgeni akiviona hudhani ni jukwaa la mafundi lililosahauliwa. La hasha, viko kazini: vinazuia nguzo zisizidi kusogea wakati wataalamu wakiendelea kulipima jengo.