Je, wajua kwa nini mpelelezi wa mauaji husoma nzi?

Binti wa jirani yangu hapa Moshi, akiwa anajaza tahasusi (mchepuo wa masomo ya kidato cha tano) baada ya kidato cha nne, aliniuliza asome nini ili siku moja achunguze kesi za mauaji. "Sheria," nikamjibu bila kufikiri, "na mazoezi ya kukimbia." Akasema mwalimu wake amemshauri Kemia na Baiolojia. Tena alimtajia nzi. Nikacheka.

Haikuwa mzaha. Mwaka 1247 Song Ci, hakimu wa China, aliandika kisa cha mundu uliomfichua muuaji kwa sababu nzi waliufuata wenyewe, ingawa damu haikuonekana tena. Mwaka 1935, katika kesi ya Buck Ruxton, daktari muuaji huko Uingereza, umri wa mabuu (watoto wa nzi) waliokutwa kwenye miili ulikadiriwa kuwa siku 12 hadi 14, ukasaidia kupanga tarehe ya mauaji.

Mimi nilidhani buu hupimwa kwa rula, sentimita zikageuzwa siku. Kumbe buu hahesabu siku, anahesabu joto. Mfikirie mama anayevundika ndizi. Mkungu uliovundikwa Moshi mjini Februari huiva upesi. Wa aina ileile Arusha mwezi Julai, watu wakiwa wamejifunika mablanketi, utamchelewesha. Ukimwonyesha ndizi iliyoiva nusu, hatakwambia "siku tatu". Atauliza kwanza: ilikuwa wapi, na kulikuwa na baridi kiasi gani?

Mtaalamu hufanya hivyohivyo kwa hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, nzi fulani hakui chini ya nyuzi 10, na hatua fulani humtaka akusanye nyuzi 60 juu ya hapo. Mahali penye wastani wa nyuzi 25 anakusanya 15 kila siku, anamaliza kwa siku nne. Penye 20 anakusanya 10, siku sita. Buu mmoja, majibu mawili, na mtuhumiwa aliyekuwa safarini siku ya tano anaisikiliza hesabu hiyo kwa makini sana.

Kosa langu la pili lilikuwa kudhani jibu ni saa ya kifo. Linalokadiriwa ni lini mayai yalitagwa. Mwili ukiwa umefungwa kwenye turubai au chumba kisicho na upenyo, nzi huchelewa. Usiku kwa kawaida hawatagi. Kwa hiyo ripoti makini husema "si chini ya siku nne". Hata hapo pana tahadhari: mabuu wakisongamana hutoa joto lao wenyewe, na kasi iliyopimwa kwa nzi wa Ulaya haifai kubebwa nzima hadi Kilimanjaro.

Kwenye eneo la tukio baadhi ya mabuu huuawa kwa maji ya moto sana ili wasisinyae, kisha huwekwa kwenye alkoholi. Wengine hulishwa maini hadi wawe nzi kamili, maana wakiwa wadogo spishi nyingi hufanana mno. Binti amechagua PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia). Mama yake ameshatangaza kwamba maini ya jikoni kwake hayaguswi.