Kwa nini 2,147,483,647 haikatiki

Kila mwanzo wa muhula huwa nawaandikia wanafunzi wangu ubaoni namba 2,147,483,647 na kuwauliza kama ni tasa, wakiwa na kalamu na karatasi tu. Huanza kugawa kwa 3, kwa 7, kwa 11, na baada ya robo saa wengi hukata tamaa. Siwalaumu: kipeuo cha pili cha namba hiyo kinapita kidogo 46,340, na chini ya hapo kuna namba tasa zaidi ya 4,700 za kujaribu. Hata hivyo mwanahisabati Leonhard Euler, ambaye wakati huo alikuwa karibu kipofu kabisa, alimwandikia mwanahisabati mwenzake Daniel Bernoulli mwaka 1772 kwamba ameimaliza kazi hiyo, na kwamba namba ni tasa.

Ufunguo umo katika umbo lake, yaani 2 kwa kipeo cha 31, ukitoa 1. Tuseme namba tasa p ni kigawo chake. Basi 2³¹ ikigawanywa kwa p inabakiza 1. Kipeo cha 2 kilicho kidogo kuliko vyote (ukiacha 0) kinachobakiza 1 hakina budi kuwa kigawo cha 31, na kwa kuwa 31 nayo ni tasa, kipeo hicho ni 31 yenyewe. Mwanahisabati Fermat alikwisha kutueleza kwamba 2 kwa kipeo cha p − 1 nayo hubakiza 1, kwa hiyo p − 1 inagawanyika kwa 31, na kwa vile p ni witiri, inagawanyika kwa 62. Isitoshe, 2³², ambayo ni mraba wa 2¹⁶, inabakiza 2, maana yake 2 ina kipeuo cha pili katika hesabu ya mabaki ya p, jambo linalowezekana tu endapo p ikigawanywa kwa 8 inabakiza 1 au 7. Ukiunganisha masharti hayo mawili, p lazima iwe na umbo la 248k + 1 au 248k + 63.

Namba za maumbo hayo hadi kwenye kipeuo, ukiiacha 63 ambayo si tasa, ni 372 tu, na nyingi huanguka kabla hata ya kujaribiwa: 249 ni 3 × 83, 497 ni 7 × 71. Ya kwanza inayostahili jasho ni 311, nayo inabakiza 35. Inayofuata ni 1,303, inayobakiza 226. Euler aliendelea hivyo hadi mwisho bila kupata hata moja inayogawa sawasawa.

Kipeo kikiwa tasa si dhamana ya lolote. 2¹¹ − 1 ni 2,047, yaani 23 × 89. Mfano ninaoupenda zaidi unaanzia kwenye 5. Kipeo cha 5 kinatupa 31, kipeo cha 31 kinatupa namba yetu, na mtu angetamani kuirudia hatua hiyo mara moja zaidi. Matokeo yake ni namba yenye tarakimu zaidi ya milioni 646, na si tasa: inagawanyika kwa 295,257,526,626,031. Toa 1 kwenye kigawo hicho, utapata 2 × 68,745 × 2,147,483,647, sawasawa na kanuni ileile inavyodai.