Jina lako halikuzuii kuwa Muislamu

Kijana alinijia hapa Bombo, Uganda, baada ya sala ya Alasiri, bahasha mkononi. Ndani mna kitambulisho cha taifa na cheti cha UCE, cha kumaliza kidato cha nne. Ana miezi miwili tangu atoe shahada ya kusilimu, na ameshaambiwa kwamba sala zake hazipokelewi maadamu anaitwa Okello. Amekwisha kukopa pesa za wakili wa kumbadilishia jina.

Katika yote wanayoambiwa wanafunzi wangu waliosilimu, hili ndilo linaloniuma zaidi. Jina si nguzo ya Uislamu! Khadija, Umar, Hamza na Bilal waliingia na majina waliyopewa zama za ujahilia, kabla ya Uislamu, wakafa nayo. Mtume (s.a.w.) alibadilisha majina yenye maana mbaya: binti aliyeitwa Aaswiya, yaani muasi, alimwita Jamila. Basi uliza maana kwanza. Okello ni mtoto anayefuata mapacha. Shirki, yaani kumshirikisha Mungu, iko wapi hapo? Peter ni mwamba. Christopher ni mbeba Kristo, na huyo namshauri atafute jingine, sawa na aliyepewa jina la kutukuza mzimu. Lakini dada mmoja anayeitwa Mary aliambiwa jina lake ni la kikafiri, na sura ya 19 ya Qur'ani inaitwa Maryam.

Ukipenda kuitwa Yusuf, tutakuita Yusuf, na ni jambo jema. Si lazima uende serikalini. Kubadilisha rasmi kunataka tangazo kwenye Gazeti la Serikali, kisha NIRA, mamlaka ya vitambulisho, kisha benki, laini ya simu na kila ulikoandikishwa. Jina la baba au la ukoo usiliguse kabisa: sura ya 33, aya ya 5, inaamrisha watu waitwe kwa baba zao. Mzee akisikia mwanawe amelifuta jina la ukoo, haoni dini hapo, anaona amekanwa. Nimeshuhudia nyumba zikivunjika kwa sababu hii, na aliyetoa ushauri ule hayupo siku ya kusuluhisha.

Wengine huniuliza kama wawatenge wazazi wasiosilimu. Hapana, hupaswi. Soma sura ya 31, aya ya 15, inayotaka ukae nao kwa wema. Mama yake Asmaa binti Abubakar alikuja kumtembelea bintiye akiwa bado mshirikina, na Mtume akamwambia Asmaa aunge udugu naye. Nenda nyumbani, kazike, kapike, pole uwape.

Sala za miaka ya kabla ya kusilimu hazilipwi. Yaliyopita yamesamehewa, sura ya 8, aya ya 38. Deni la SACCO, chama cha akiba na mikopo, ni haki ya watu, hilo utalilipa.

Tohara haitangulii shahada. Toa shahada leo. Sisi wa madhehebu ya Shafi tunaihesabu wajibu kwa mwanamume, kwa hiyo ukiwa na afya nenda hospitali ya serikali, usiende kwa ngariba wa mtaani.

Na wanaosema usiswali mpaka ujue Kiarabu, wanakuchelewesha bure. Swali na jamaa, ufuate imamu huku ukijifunza. Fatiha, sura ya kwanza ya Qur'ani inayosomwa katika kila sala, usiiandike kwa tahajia ya Kiluganda, maana r na l zitabadilishana nafasi na maana itaharibika. Keti mbele ya mwalimu, utazame mdomo wake, uchukue aya moja kwa siku. Ziko saba.