Panchi ya ramu ya usiku, usukani wa asubuhi

Kazi yangu ni kupima pombe kwenye damu katika maabara ya hospitali huku Marekani. Likizo zikikaribia, Waswahili wenzangu wanaokwenda Jamaica au Barbados huniuliza: "Nikinywa glasi ngapi bado naruhusiwa kuendesha?" Nami huwauliza: glasi iliyochanganywa na nani?

Barbados wana kanuni ya zamani ya panchi: kipimo 1 cha ndimu, 2 vya sukari, 3 vya ramu, 4 vya maji au barafu. Yaani glasi ya mililita 200 ina mililita 60 za ramu. Ikiwa ni ramu ya kawaida ya asilimia 40, hapo kuna kama gramu 19 za kilevi. Jamaica, lakini, wanaipenda sana Wray & Nephew nyeupe, ya asilimia 63 (Konyagi yetu ni 35), na kwa hiyo glasi ileile inabeba gramu 30. Utamu unaficha ukali, na kwenye hoteli ambako vinywaji vimeshalipiwa, hakuna anayehesabu.

Sasa tupige hesabu. Mwanamume wa kilo 70 akianza saa 2 usiku na kumaliza glasi 4 za namna hiyo, ameingiza gramu 120. Kwa fomula ya Widmark ya kukadiria kilevi kwenye damu, tunayoitumia sana maabara, hizo ni sawa na miligramu 250 hivi kwa kila mililita 100 za damu. Ini huondoa takriban 15 kwa saa. Saa 1 asubuhi, amelala, ameoga, funguo za gari la kukodi mkononi tayari kwenda kuona maporomoko ya Dunn's River, bado amebaki na kama 85. Kikomo cha Jamaica ni 80. Visiwa vya Martinique na Guadeloupe, vinavyofuata sheria ya Ufaransa, ni 50. Mwanamke wa uzito huohuo, kwa kuwa kwa kawaida mwili wake una maji pungufu kuliko wa mwanamume, angekuwa kwenye 145. Ni makadirio, watu hutofautiana, ila hayo ndiyo majibu yanayowashangaza watu wanaoapa kwamba "jana ndiyo nililewa, leo niko fiti".

Kahawa, supu, kujitupa baharini: ini halina habari navyo. Anayezimua kwa bia ndiyo kabisa, anaanza hesabu upya.

Halafu kuna upande wa barabara. Jamaica, Barbados na Saint Lucia wanaendesha kushoto kama Dar es Salaam na Nairobi, kwa hiyo aliyetoka nyumbani hana taabu. Mwenye taabu ni yule wa miaka mingi Marekani, ambaye mikono yake imeshazoea kulia. Mazoea hayo hayafutiki kwa wiki moja ya likizo. Ubongo unayazuia tu, na uwezo wa kujizuia ni miongoni mwa vitu vya kwanza pombe kuvilegeza. Ndiyo maana mtu huenda vizuri kilomita kumi, akifika kwenye kipilefti anaingia upande usio wake. Visiwa vya Virgin vya Marekani vinanitisha zaidi: wanaendesha kushoto, na magari yana usukani kushoto vilevile, hivyo dereva yuko ukingoni na haoni mbele anapotaka kulipita lori.

Soma pia mkataba wa gari. Kwa kawaida bima haimlipii dereva aliyekutwa na kilevi, na gari lote linakuwa deni lako.

Mimi nikishakunywa huko, hata kidogo, napanda teksi hadi kesho yake jioni. Jamaica zenye leseni zina namba nyekundu. Barbados namba zake huanza na Z. Usitegemee mita, kwa hiyo patana kabla ya kupanda, na uliza bei ni ya dola zipi, maana dola 1 ya Marekani ni dola 2 za Barbados.